Mke Wangu Anadhani Mia Tatu na Saba ni Wanawake

Mama Mshauri, pokea salamu zangu, na nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Naandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa katika stoo ya mawe ya mizani kazini kwangu, mlango nimeufunga kwa ndani, kwa sababu nyumbani siwezi tena kuandika neno lolote kwenye karatasi bila karatasi hiyo kusomwa na watu watatu, na shida yangu lazima ipate jibu kabla ya Jumamosi maana Jumamosi kuna kikao cha familia, ila kabla ya Jumamosi kuna Alhamisi, na hiyo Alhamisi inanitisha kuliko hata kikao.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, fundi mizani. Nazunguka madukani, maghalani na hospitalini kukagua kama mizani inasema kweli, na ikisema kweli naibandika stika ya kijani, ikidanganya naibandika nyekundu na haitumiki tena mpaka itengenezwe. Nina mke, mwaka huu tunatimiza miaka kumi na tisa ya ndoa, na tuna binti wawili. Mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, jambo ambalo utaona huko mbele limeniponza sana.

Chanzo cha yote ni jino. Miaka mitatu iliyopita nilitibiwa jino la nyuma, nikarudi kwa daktari mara sita, na kila nikirudi nasubiri saa nzima kwenye benchi, na pale kwenye benchi palikuwa na kitu kimoja tu cha kusoma, jarida la uwindaji lisilo na jalada, nusu ya kurasa zimegandana, na mada yake kubwa ilikuwa namna ya kuchagua risasi ya magnum, ile yenye baruti nyingi, kwa ajili ya kumpiga mnyama mkubwa kutoka mbali. Mimi sijawahi kushika bunduki, Mama, sijawahi hata kutaka kuishika, lakini yale majedwali yalinishika mimi, maana yaliandika uzito wa kila risasi, kasi yake ikitoka mtutuni, inashuka sentimita ngapi ikifika mita mia tatu, mia nne, mia tano, upepo unaisogeza kiasi gani, teke lake begani lina nguvu gani, na mimi ni mtu wa vipimo, namba zikipangwa vizuri hivyo naona raha kama mwingine anavyoona raha kwenye muziki. Siku ya mwisho ya matibabu niliondoka na lile jarida ndani ya shati. Hilo ni kosa la kwanza, nalikiri.

Kosa la pili nililifanya kwenye kinu cha unga. Nilikwenda kukagua mizani ya jukwaa, nimepiga magoti napanga mawe ya kilo ishirini ishirini, na ofisini pembeni mlango uko wazi, mwenye kinu anakunywa chai na marafiki zake wawili, mpima ardhi mstaafu na mwenye duka la dawa, wote ni watu wazima kunizidi, wanabishana ipi nzuri kwa mnyama mkubwa aliye mbali, milimita saba magnum au mia tatu magnum, na mpima ardhi akasema risasi ya saba ikifika mita mia nne inashuka mpaka inalima. Kilichonisukuma sijui ni nini. Nikasema nikiwa palepale chini, bila hata kugeuka, kwamba samahani wazee wangu, kwa mita mia nne tofauti ya kushuka kati ya hizo mbili ni upana wa vidole, kinachowaangusha watu ni upepo na teke.

Mzee wa Kinu akaweka kikombe chini.

"Fundi," akaniita, "kwani wewe umewahi kuwinda?"

Nikamjibu, "Kidogo, mzee."

Mama Mshauri, hilo "kidogo" ndilo lililonifikisha kwenye ndoo hii. Wiki iliyofuata nilialikwa chai, na Alhamisi iliyofuata tena, na sasa ni miaka mitatu kila Alhamisi saa kumi jioni tunakaa wanne pale ofisini tukijadili risasi, na "kidogo" yangu imekuwa ikinenepa kila wiki, kwanza ikawa pofu mmoja, yule swala mkubwa kama ng'ombe, halafu pofu huyo akawa dume, halafu akawa umbali wa mita mia nne, halafu upepo ukawa unavuma kutoka kushoto, na mpima ardhi huwa anayafunga macho yake nikifika hapo kwenye upepo. Bega langu lina kovu, liliangukiwa na mizani iliyodondoka kutoka rafuni kwenye duka la vipuri, lakini pale ofisini kwa mzee kila mtu anajua kwamba kovu lile ni teke la mia tatu. Wananiita Daktari. Kazini hakuna anayeniita kitu. Nyumbani naitwa uje ubadilishe mtungi wa gesi. Pale kinuni nikifungua mdomo, watu watatu wanaacha kutafuna.

Basi mwaka huu Mzee wa Kinu amepata kibali cha kuwinda pofu mmoja, na kwa heshima ameamua kwamba atakayepiga ni mimi. Bunduki itaagizwa, na kama unavyojua au hujui, ukichagua risasi umechagua na bunduki, huwezi kubadilisha baadaye kama betri ya redio, kwa hiyo wote wanasubiri neno langu. Alhamisi hii natakiwa kusema. Saba au mia tatu, na mpima ardhi anaingiza tena mia tatu thelathini na nane ambayo teke lake, kwa hesabu zangu, linaweza kumhamisha mtu kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Risasi ya saba niliyoipendekeza ina gramu kumi na nukta nne, ya mia tatu ina kumi na moja na nukta saba. Tofauti ni punje tatu za maharage. Nimekaa na punje tatu za maharage miezi minane na sijaweza kuamua, ndipo nikaandika kikaratasi kilichoniponza.

Nilikiandika nyuma ya cheti cha ukaguzi, nikakisahau kwenye mfuko wa suruali ya kazi, na mke wangu kabla ya kufua hupekua mifuko kwa sababu ya misumari. Nakunukulia kama kilivyo:

"Mia Tatu: mzito, ana nguvu, anafika mbali bila kutetereka, ila ana teke, bega litauma siku mbili. Saba: mwembamba, mpole, haniumizi, upepo haumsumbui sana, lakini je atatosha kwa kazi kubwa? Mia Tatu Thelathini na Nane: huyu simuwezi, ila natamani siku moja nimjaribu tu. Alhamisi lazima niamue nabaki na nani."

Mke wangu alikuja nacho sebuleni akiwa amekishika kwa ncha za vidole viwili. Nikamwambia ukweli hapohapo, naapa, nikamwambia mama, hizo ni risasi. Hakupandisha sauti. Alivaa miwani, akasoma tena kuanzia juu, halafu akaniambia, "Risasi ni kitu. Kitu hakisemwi 'ana teke'. Risasi husemwa 'ina teke'. Nimefundisha ngeli miaka ishirini na moja, baba, usinifundishe leo ni kipi kina roho na kipi hakina."

Nikajaribu kumweleza kwamba sisi wapenzi wa risasi ndivyo tunavyozungumza. Akauliza sisi nani. Nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo mtego ulipo, Mama Mshauri. Nikimpeleka mke wangu kwa Mzee wa Kinu akathibitishe kwamba ni risasi, mzee atamweleza kwa fahari juu ya pofu wangu, na mke wangu atamweleza mzee juu ya puto. Siku ya kuzaliwa ya binti yetu mdogo puto lilipasuka, na waliponitafuta walinikuta chini ya meza nikiwa bado nimeshika kisu cha keki. Jiko la presha likianza kulia mimi hutoka nje. Mke wangu anajua yote haya na ananilinda, hajawahi kuwaambia watu, lakini akisikia kwamba nimemlenga pofu mita mia nne hataweza kujizuia, hakuna binadamu angeweza.

Kwa hiyo nikanyamaza, na yeye akaanza upelelezi. Aliamua kwamba namba zile ni namba za nyumba. Mtaani kwetu nyumba namba saba anakaa nesi mstaafu, na bahati yangu mbaya ni mwembamba, na ni mpole kuliko watu wote wa mtaa. Mke wangu ameacha kumsalimia. Yule mama wa watu hajui kosa lake, wiki iliyopita ameleta mapapai mawili kuomba radhi kwa kitu asichokijua, na mapapai yamekaa juu ya friji mpaka yameoza kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuyakata. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtunza stoo palepale kwenye kinu, naye hajui yanayosemwa ofisini ila ametoa ushahidi kwamba kila Alhamisi nafika pale saa kumi nimechana nywele. Mama mkwe amehamia kwetu kwa muda, na analala chumba chenye kabati la karatasi zangu. Hao ndio wasomaji wangu watatu.

Jumapili iliyopita nilimdanganya mke wangu kwamba naenda kukagua mizani ya ghala la barafu, kumbe tunakwenda uwanja wa shabaha, maana muuza bunduki amekubali tuzijaribu zote mbili kabla ya kuagiza. Saa nne asubuhi tukawa pale. Msimamizi wa uwanja ni mama mmoja aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, wote wanamwita Afande, akaziweka bunduki mbili juu ya meza, akatupatia vizibo vya masikio, akasema karibuni. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba nyinyi tangulieni, mimi nitatazama mkao wenu nikosoe. Mzee wa Kinu akasema haiwezekani ampite Daktari, lakini kama ni umri basi mpima ardhi ndiye mkubwa. Mpima ardhi akasema yeye leo amekuja kupima upepo tu. Mwenye duka la dawa akasema amemeza dawa ya mafua na dawa hiyo hairuhusu. Tukakaa. Tukanywa chai ya chupa. Mpima ardhi akaandika upepo mara kumi na moja. Tulirudi mjini bila risasi hata moja kutoka, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba wenzangu ni watu wa heshima kiasi hicho, maana kama mmoja tu angepiga, zamu yangu ingefika na ningeumbuka.

Sasa Mama Mshauri, naomba unisaidie. Alhamisi niseme saba au mia tatu? Maana nikiamua hilo tu nahisi mengine yatajipanga. Na Jumamosi niwaambie nini?

Wako katika dhiki,
Fundi Mizani

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Safu hii nimeiandika miaka kumi na minne. Nimeshauri watu wenye wake wawili, watu wenye waume wawili, na mtu mmoja aliyegombana na ndugu zake kwa sababu ya jenereta. Sijawahi kuulizwa risasi. Lakini umeuliza na utajibiwa.

Kwanza nianze na kosa langu, kwa sababu siwezi kukukaripia wewe nikajiacha. Wiki tatu zilizopita niliandikiwa na mwanamke mmoja, mwalimu, kwamba mumewe ana wanawake watatu, mmoja mpole wa jirani, mmoja mwenye nguvu anayempiga mateke, na wa tatu bado anamtamani. Aliniandikia kwa Kiswahili safi sana. Nikamjibu kwa faragha kwamba asipigane, aite wakubwa wa pande zote mbili, wakae kikao. Hicho kikao chako cha Jumamosi, ndugu yangu, nilikiitisha mimi. Ulipofika kwenye nesi na mapapai, niliweka barua chini na kwenda kunawa uso.

Nikampigia mkeo simu. Sikumsomea barua yako. Nilimwambia tu kwamba nataka kumpeleka akawaone hao wanawake kwa macho yake. Alikuja amevaa viatu vya kukimbilia, nadhani alijiandaa kwa lolote. Jana Jumanne saa tisa mchana tukafika wawili uwanja wa shabaha. Afande alitoka na maboksi mawili madogo ya karatasi ngumu, akayaweka mezani mbele ya mkeo, akasema, "Huyu ndiye Saba. Huyu ni Mia Tatu."

Mkeo alifungua boksi la kwanza, akatoa risasi moja, akaisimamisha mezani. Akafungua la pili, akasimamisha nyingine pembeni yake. Akazitazama muda mrefu. Mimi nilitegemea acheke au alie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimuuliza Afande kwa nini anasema "huyu" wakati ni kitu.

Afande akamjibu, "Mwalimu, nimekaa porini miaka ishirini na sita. Kitu kinachoshika roho yangu siwezi kukiita 'hii'."

Mkeo akaomba kalamu na kuliandika lile jibu kwenye kiganja. Kisha akakaa kwenye benchi, na hapo ndipo machozi yalipotoka, na aliyemlilia si wewe, usijidanganye. Alimlilia nesi. Tulipotoka pale alipitia sokoni, akanunua mapapai manne, na alipofika nyumbani kwake alipita mlango wake mwenyewe bila kuingia, akaenda kugonga namba saba. Nimeambiwa alikaa huko mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo wanawake wako wamekwisha. Sasa tuje kwako.

Wewe ni muongo, ndugu fundi. Tena ni muongo wa aina inayonisikitisha zaidi, kwa sababu kutwa nzima unabandika stika nyekundu kwenye mizani za watu, na jioni ya Alhamisi unakwenda kuongeza mita juu ya pofu. Nakuelewa ulipotokea. Mtu ambaye kazini haitwi chochote, akiitwa Daktari na wazee watatu walioacha kutafuna, ni vigumu kukataa. Hata mimi sikatai nikiitwa mtaalamu. Lakini umekubali kupewa mnyama hai umpige, wakati puto linakutuma chini ya meza. Hapo umevuka mipaka, na hapo sikuonei huruma.

Nilimuuliza Afande swali lako kama ulivyoliuliza, saba au mia tatu. Aliniuliza anayepiga ana uzoefu gani. Nikasema hana. Akasogeza chupa yake ya maji pembeni akanisimulia jambo. Mwaka mmoja alifuata nyayo za pofu dume siku nne. Mnyama alikuwa amepigwa kutoka mbali sana na mtu aliyekuja na risasi kubwa kuliko zote zilizokuwepo dukani, na risasi ikaingia nyuma ya mbavu, kwenye tumbo. Mpigaji alifumba macho wakati wa kuvuta, akiogopa teke, na wenzake walimwona. Walipoona mnyama hakuanguka, wakarudi kambini kula. Pofu akatembea. Siku ya nne Afande alimkuta amesimama ndani ya kijito, maji yamefika magotini, hanywi, hasogei, amesimama tu. Akammaliza yeye. Aliniambia kwamba ule mzoga ulikuwa na risasi nzuri kabisa ndani yake, imefunguka kama inavyotakiwa, ingeweza kupigwa picha ya jarida.

Hilo jedwali lako halikuwa na safu ya siku nne, au ilikuwa kwenye zile kurasa zilizogandana?

Hivyo jibu la risasi ni hili, na ni la Afande, mimi nalipitisha tu. Chukua saba. Si kwa sababu ya sentimita, hizo mmezibishania mpaka zimechakaa. Chukua saba kwa sababu teke lake ni dogo kuliko la mia tatu, na mtu asiyeogopa bunduki yake hufumbua macho. Kwa pofu aliye karibu na aliyepigwa mahali panapostahili, kwa risasi nzito iliyotengenezwa kwa wanyama wakubwa, inatosha, ila kaangalie kwanza sheria za huko mnakowindia zinaruhusu ipi, kwa sababu kuna mahali hawataki ndogo kwa mnyama wa uzito ule. Mia Tatu Thelathini na Nane mwachie mpima ardhi amwote. Na kabla hata ya hiyo saba, utaanza na bunduki ndogo ya mazoezi, ile ambayo sauti yake ni kama mtu anayevunja kijiti, mpaka mwili wako uache kuruka. Mita hamsini. Halafu mia. Ukifika mahali risasi tano zinaingia kwenye sahani ya chai, kila siku, upepo uwepo usiwepo, ndipo uzungumze habari ya mnyama, naye awe ndani ya mita mia moja na hamsini. Mia nne uifute mdomoni. Kibali cha mwaka huu kiishe bila kutumika. Pofu huyo ana mambo yake ya kufanya.

Alhamisi, yaani kesho gazeti hili likishasomwa, nenda kinuni saa ileile. Usichane nywele. Usianze na saba wala mia tatu. Simama uwaambie, "Wazee wangu, sijawahi kupiga risasi hata moja, na pofu wangu hayupo." Sema na habari ya bega. Halafu kaa kimya na usiongeze neno, kwa sababu najua wewe ukiongeza neno upepo utaanza kuvuma kutoka kushoto.

Jumamosi kikao kifanyike, wala msikiahirishe, watu wameshaomba ruhusa kazini. Utawaeleza wote mwenyewe, mbele ya mama mkwe na shemeji, na jarida la daktari wa meno uliweke mezani. Wakimaliza kukucheka, Jumatatu ulirudishe kwenye benchi ulipolichukua. Mkeo umwombe radhi kwa safari ya ghala la barafu, kwa sababu hiyo haikuwa na risasi ndani yake wala ngeli, ilikuwa uongo mtupu. Na umwambie kile ambacho umeniambia mimi badala yake, kwamba nyumbani huitwi ila kwa mtungi wa gesi. Alilia kwa ajili ya nesi kwa sababu nesi alikuja na mapapai. Wewe hujamletea kitu cha kumfanya ajue una njaa.

Limebaki moja, na hili lilinichekesha mpaka dereva akasimamisha gari. Watu wanne wamezeeka wakibishana juu ya bunduki. Bunduki mbili zimewekwa mbele yao. Mmoja anatanguliza umri, mwingine anapima upepo, wa tatu ana mafua. Na wewe umeondoka pale ukimshukuru Mungu kwa heshima yao. Ndugu yangu, wewe unayeona gramu moja ikipungua kwenye gunia, hili hukuliona?

Tulipokuwa tunaondoka, Afande alifungua daftari la darasa la wanaoanza, linaloanza Jumapili hii saa tatu asubuhi. Lina nafasi tano. Ya kwanza ameandikwa mkeo, alijiandikisha mwenyewe palepale, na Afande anasema ana mkono uliotulia. Ya pili ni mzee mmoja mwenye kinu. Ya tatu mpima ardhi mstaafu. Ya nne mwenye duka la dawa. Wote watatu walipiga simu Jumatatu, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja aliomba wenzake wasijue, hasa Daktari.

Ya tano nimekuandikisha wewe. Ufike mapema, na uvae vizibo vya masikio ukiwa bado kwenye gari.